Mas'ala ya Kuvuka Mchanga wa Bahari kwa Ajili ya Sadaka

 

Huko Uingereza, upande wa kaskazini magharibi, iko ghuba iitwayo Morecambe. Maji yakipwa huacha wazi mchanga ambao jicho haliuoni mwisho, na watu huuvuka kwa miguu kutoka Arnside mpaka Kents Bank, mwendo wa kama maili 8. Kila mmoja huwa ameahidiwa fedha na jamaa zake akivuka, nazo hupewa hospitali au mafakiri. Je, yajuzu Muislamu akaaye huko kwenda pamoja nao?

Jawabu: hukumu yafuata khatari. Na khatari ya hapo si hadithi ya kutishia watoto. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka hata mita 10, na pwani ya Mombasa hayapati ila kama 4; basi mtu wa pwani asighurike na ujuzi wa maji ya kwao. Tena hayamjii mtu usoni, bali hutangulia kujaza mikondo iliyo nyuma yake, akageuka asione njia ya kurudi. Na mchanga wenyewe, penye maji mengi baina ya chembe zake, hulegea ukikanyagwa, kisha hushikamana ukaubana mguu. Usiku wa tarehe 5 Februari 2004 vibarua wa Kichina waliopelekwa huko kuokota kombe, pasipo kiongozi aijuaye ghuba, walizungukwa na maji, wakafa si chini ya 21. Msimamizi wao alihukumiwa mwaka 2006 kifungo cha miaka 14, na ndiyo haki. Roho za watu ni dhima.

Basi kuingia hapo pasipo kiongozi ni haramu, wala nia ya sadaka haihalalishi. Atazamaye aya ya 195 ya Suratul Baqara ataona amri ya kutoa mali na katazo la kujitia maangamizoni zimekuja katika aya moja.

Ama pamoja na kiongozi, dhana ya kusalimika yashinda, basi yajuzu. Kazi hiyo ina mtu wake maalumu tangu mwaka 1548, na ujira wake uliowekwa ni pauni 15 kwa mwaka pamoja na nyumba. Cedric Robinson, mvuvi wa hapo, aliishika tangu 1963 mpaka 2019. Kiongozi hutangulia kuupima mchanga kwa fimbo na kuchomeka matawi ya miti yawe alama, kwa kuwa mto Kent huhama njia yake. Wafikapo mtoni huwapanga watu ubavu kwa ubavu, wasifuatane nyayo, maana mchanga ukikanyagwa na wengi hulainika.

Huenda mtu akasema: kiongozi huyo si Muislamu, atatiiwaje? Ajibiwe kwamba Mtume (s.a.w.) katika Hijra alimwajiri Abdullahi bin Urayqit, naye yu katika dini ya Makureshi, akamwaminia ngamia wawili na njia yake, hali Makureshi wanamtafuta. Ujuzi na uaminifu ndivyo vilivyotakiwa.

Na kutembea kwenyewe si ibada. Mzee aliyeweka nadhiri ya kwenda kwa miguu, akawa achukuliwa baina ya wanawe wawili, Mtume alimwamrisha apande mnyama. Ibada hapa ni mali inayotoka.

Aliyesema, "Mwenyezi Mungu akimvusha salama, ni juu yangu kutoa pauni 10," hiyo ni nadhiri, yawajibika ikitimia. Aliyesema "nitatoa" tu, hiyo ni ahadi. Kuitimiza ni sunna, na kuivunja ni makuruhu. Na kiongozi akiwarudisha njiani kwa kufura mto, nadhiri haimlazimu mwenyewe, kwa kuwa sharti halikutimia. Lakini ni vibaya mtu kuzuia mkono wake kwa sababu mwenziwe ametii.

Maji ya mto hupata mapaja, basi avae vazi asilolazimika kulipandisha juu ya goti. Na Adhuhuri ikimkuta njiani hali wakati ungali mpana, aiakhirishe mpaka afike nchi kavu, wala asiwasimamishe watu mchangani.