Nguvu Yenye Kikomo: Somo la Mrejesho wa Kizidisho Kidogo

Tarehe 8 Agosti 1993, ndege ya kivita ya Uswidi aina ya JAS 39 Gripen ilianguka mjini Stockholm mbele ya umati wa watazamaji. Rubani alijirusha nje akaokoka, wala hakuna aliyekufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani alisukuma usukani kwa nguvu na kwa haraka, hata amri zikadai mabawa madogo ya kuongozea yageuke upesi kuliko mitambo yake ilivyoweza. Mabawa yakachelewa, ndege ikayumba, na kila sahihisho likafika wakati wake umekwisha kupita.

Mkasa huo watufundisha jambo ambalo milinganyo ya darasani mara nyingi hulisahau: kila chombo kina kikomo. Vali ikiisha kufunguka yote haifunguki zaidi. Mota ina nguvu yake ya mwisho. Hali hiyo ya kufika kikomo tutaiita hapa "kushiba".

Katika mfumo wa udhibiti, mrejesho ni kupima hali ya kitu na kukitumia kipimo hicho kuamua amri ifuatayo. Kizidisho ni namba inayozidishwa na kosa lililopimwa ili kupata amri. Kizidisho kikiwa kikubwa, kosa dogo huzaa amri kubwa.

Hebu tuchukue mfano wa kitoroli juu ya reli isiyo na msuguano. Mota yake yaweza kukipa mchapuko usiozidi meta 1 kwa sekunde kwa sekunde, mbele au nyuma. Kimesimama umbali wa meta 100 kutoka kituoni, nasi twataka kifike na kutulia hapo. Tukiita umbali x na kasi v, kanuni yetu ya mchapuko ni:

a = −k²x − 2kv

Tukichagua k = 1, amri ya kwanza hudai mchapuko wa 100, nayo mota hutoa 1 tu. Kitoroli hushika kasi kubwa, breki huja imechelewa, nacho hukipita kituo kwa meta 50 hivi kabla ya kurudi. Tukichagua k = 0.1, amri ya kwanza hudai 1 kamili, na baada ya hapo haizidi 1 kamwe. Mota haishibi, na kitoroli hutulia kituoni bila kukipita. Umbali uliobaki huwa meta 1 baada ya sekunde 66 hivi.

Je, umbali wa mwanzo ukiwa meta 400? Tutapunguza k iwe 0.05, na muda utakuwa maradufu. Hiyo ndiyo bei ya usalama: mwendo wa polepole.

Mwaka 1969 A. T. Fuller alionyesha kwamba ngazi zikiwa tatu au zaidi, yaani amri ikibadili mchapuko, mchapuko ukibadili kasi, na kasi ikibadili mahali, hakuna kanuni moja ya namna hii, yenye vizidisho visivyobadilika, iwezayo kuurudisha mfumo kutoka kila hali ya mwanzo. Mwaka 1993 Zongli Lin na Ali Saberi walithibitisha kwamba tukikubali kwanza kuweka mpaka wa hali za mwanzo, hata uwe mpana kiasi gani, kizidisho kidogo cha kutosha chaweza kupatikana.

Lakini pana sharti. Mfumo ukiachwa peke yake usiwe wenye kulikuza kosa kwa kujizidisha. Fimbo iliyosimamishwa kiganjani huanguka upesi zaidi kadiri inavyoinama; mkono mzito hautaiokoa. Gripen nayo iliundwa hivyo kwa makusudi ili iwe nyepesi kugeuka. Kwa vyombo vya aina hiyo hakuna kizidisho kitakachofuta kikomo. Yapasa kujua mapema mipaka ya hali ziwezazo kuokolewa, na kukizuia chombo kisiivuke.

Zoezi: Kitoroli kilekile kimesimama meta 225 kutoka kituoni. Tafuta k kubwa kuliko zote isiyoishibisha mota. Ukijua kuwa umbali hubaki sehemu moja ya mia wakati k mara muda ni 6.64, tafuta muda huo. (Majibu: k = 1/15; sekunde 100 hivi.)