Uvumi na Ushahidi: Somo kutoka Ramani ya 2008

Neno ushahidi wengi wetu tunalijua kutoka kortini. Katika somo hili tuliangalie kama jina la programu ya kompyuta, iliyozaliwa hapa kwetu Kenya, katika wakati ambao sisi wa Nakuru, Naivasha, Molo na Kuresoi hatuwezi kuusahau.

Matokeo ya kura ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Siku hiyo hiyo serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja redioni na kwenye televisheni. Watu wakabaki na simu zao, na simu hubeba ukweli na uongo kwa bei ile ile. Ujumbe ulikuwa unapita kwamba watu fulani wanakuja usiku huu, na ukiuliza umetoka kwa nani, hakuna anayejua. Hofu ya namna hiyo humfanya mmoja akimbie na watoto, na mwingine anoe panga.

Mwanzoni mwa Januari 2008, Ory Okolloh, mwanasheria Mkenya aliyekuwa akiandika habari kwenye intaneti, aliuliza kama kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Walioshika kazi hiyo pamoja naye ni Erik Hersman, David Kobia na Juliana Rotich. Kwa siku chache tu ikawa tayari! Mwananchi alituma taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa intaneti, na alama ikawekwa kwenye ramani: hapa nyumba zimechomwa, pale barabara imefungwa. Hata juhudi za amani ziliwekwa, jambo ambalo magazeti mara nyingi husahau.

Tusidanganyane, ramani haikuzima moto. Mwishoni mwa Januari ghasia zilifika Nakuru mjini na Naivasha, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa wakimbizi wa ndani. Hadi mkataba wa amani ulipotiwa sahihi tarehe 28 Februari, nchi nzima ilikuwa imepoteza zaidi ya watu 1,100. Lakini kumbukumbu ilibaki, na asiyekuwa na gazeti wala redio alikuwa amepata mahali pa kusemea. Programu yenyewe waliiacha wazi, yaani mtu yeyote anaweza kuichukua bure na kuibadilisha afanyie kazi yake. Tetemeko la ardhi lilipopiga Haiti Januari 2010, ilitumika huko kuonyesha ni wapi msaada unahitajika. Kitu cha Kenya kikasaidia ng'ambo. Mara nyingi sisi ndio hupokea.

Sasa tuje kwa jumuiya zetu ndogo ndogo. Wengi hatutatengeneza ramani yoyote, lakini kazi ngumu ya ile ramani haikuwa kompyuta. Ilikuwa kupima taarifa. Mtu akisema "kuna vita huko juu," hajasema kitu. Huko juu ni wapi, kijiji gani, karibu na shule gani? Ni leo saa ngapi, au ni habari ya juzi? Ameona kwa macho, au ameambiwa na mwenye bodaboda? Halafu, kuna mtu mwingine, ambaye hawajaongea, anayesema hayo hayo? Hapa wengi hukosea: watu kumi wakisambaza ujumbe mmoja wa WhatsApp, huyo bado ni shahidi mmoja, tena pengine hakuna hata huyo mmoja. Kumpigia katekista au mzee wa kijiji aliye pale pale kunachukua dakika mbili.

Na hata iliyo kweli si yote ya kutangazwa. Ukisema watu wamejificha mahali fulani, anayewatafuta naye anasoma. Taarifa kama hiyo apewe wa kuokoa peke yake. Tukumbuke pia kwamba tangu sheria ya utangamano na uwiano wa kitaifa ya 2008, kueneza chuki ya kikabila ni kosa.

Kwa majadiliano: kila mmoja achukue ujumbe mmoja wa kutisha aliotumiwa mwezi huu. Jumuiya iusome kwa sauti bila kutaja aliyeutuma, kisha mjiulize: ni nani hapa anaweza kusimama aseme, "Mimi nilikuwako"?