Dondoo Muhimu: Kuchuja Barua Taka kwenye Seva Ndogo

Mwenye duka la pembejeo au ofisi ya uchapishaji huko Chepkoilel, karibu na Chuo Kikuu cha Eldoret, anayeendesha seva yake mwenyewe ya barua pepe, hupokea ankara na zabuni bandia zikiwa zimechanganyika na oda za kweli, na kwa hiyo azingatie yafuatayo:

1. Kichujio kianze kwa kutia alama tu bila kufuta chochote, kwa kuwa oda halali iliyopotea hugharimu kuliko barua taka kadhaa zilizopenya.

2. Kizingiti cha pointi 5 cha kuihesabu barua kuwa taka, ambacho programu ya kuchuja ya SpamAssassin huja nacho, kisishushwe kwa pupa.

3. Programu hiyo ifundishwe kwa barua taka na barua halali pia, walau 200 za kila aina, kwani kabla ya hapo sehemu yake ya kujifunza haitoi uamuzi; kuilisha taka peke yake ni kosa la kawaida mno.

4. Orodha nyeusi, yaani kumbukumbu za anwani zinazojulikana kwa kutuma taka, kama zile za Spamhaus, ziulizwe kupitia kitatuzi cha majina kilichomo ndani ya seva yenyewe, kwa sababu maulizo yanayopitia vitatuzi vya umma hukataliwa, na jibu hilo la kukataa likisomwa vibaya laweza kuzuia hata barua za wateja.

5. Rekodi ya SPF, inayotaja seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina la biashara, isisahaulike.

6. Folda ya taka ikaguliwe kila asubuhi.