Kung'oa Jino: Mambo Anayopaswa Kuyatarajia Mgonjwa

Wapo wanaoliogopa koleo la daktari wa meno kiasi cha kuvumilia maumivu hadi shavu livimbe. Hofu hiyo hupungua mtu ajuapo mapema yatakayofanyika.

Kabla ya huduma
Mgonjwa ale kwanza, isipokuwa ameelekezwa vinginevyo. Amweleze mtoa huduma iwapo ana ujauzito, kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au mzio wa dawa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme, wala asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Wakati wa huduma
Sindano ya ganzi huchoma kidogo. Baada ya dakika chache maumivu huzimika, ila hisia ya kusukumwa hubaki. Jino likilegezwa, mgonjwa huhisi mgandamizo na pengine husikia mlio. Hayo ni ya kawaida. Akisikia maumivu makali, ainue mkono ili aongezewe ganzi.

Baada ya huduma
Mgonjwa hupewa kipande cha shashi akiume kwa takriban dakika 30, bila kukitoa kila mara kutazama. Damu huganda ndani ya tundu, na bonge hilo ndilo kifuniko cha mfupa. Kulitunza ni kazi ya mgonjwa mwenyewe. Kwa saa 24 asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, asinywe kwa mrija, asivute sigara wala kunywa pombe. Asitie tumbaku, majivu wala dawa yoyote kidondani. Bonge likitoka mapema, mfupa hubaki wazi, na baada ya siku chache huanza maumivu makali yanayopanda hadi sikioni.

Asile mpaka ganzi iishe, asije akajiuma mdomo. Watoto waangaliwe zaidi. Saa 24 zikipita, asukutue taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na aendelee kupiga mswaki.

Dalili za kurudi kituoni
Mate yenye wekundu kidogo siku ya kwanza si hatari. Lakini damu isiyokoma hata baada ya kuuma shashi tena, homa, usaha, uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu au maumivu yanayozidi, humtaka mgonjwa arudi kituoni. Akishindwa kumeza, kupumua au kufungua kinywa, apelekwe hospitali mara moja, hata ikiwa usiku.