Degedege na Vipokezi vya Glutamati Ubongoni

Homa ya mtoto ikipanda usiku katika boma la Kosele, si mbali na Oyugis, wazazi huogopa degedege kuliko joto lenyewe. Macho yanapinduka, viungo vinakakamaa kisha kutetema, povu linamtoka mdomoni. Wapo wanaodhani amerogwa, lakini chanzo kimo ubongoni.

Seli za neva hupashana habari kwa kemikali, na inayotumika zaidi kuamsha seli jirani ni glutamati. Hutoka seli moja na kunasa kwenye vipokezi vya nyingine. Kipokezi kimoja, NMDA, ni kama mlango wenye komeo la magnesiamu. Glutamati peke yake hailing'oi komeo. Sharti seli iwe imekwisha kuamshwa kupitia vipokezi vingine, hasa AMPA. Hapo kalsiamu huingia na kiungo kati ya seli mbili huimarika. Kwa njia hiyo mtoto hujifunza herufi na kuikumbuka njia ya kwenda sokoni.

Kemikali nyingine, GABA, hutuliza seli. Malaria kali inapoushambulia ubongo, utulivu huo huweza kuzidiwa, seli nyingi zikaamka kwa pamoja na degedege likaanza. Likidumu, glutamati na kalsiamu hufurika hadi seli kudhurika. Utafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, huko Kilifi umeonyesha kuwa baadhi ya watoto wanaopona malaria ya ubongo hubaki na kifafa au ugumu wa kujifunza.

Omena na nyanya pia zina glutamati, lakini hazileti degedege. Sehemu kubwa ya glutamati ya chakula hutumiwa na utumbo wenyewe, na ubongo una kizuizi kinachoizuia mishipa yake isipitishe ovyo glutamati iliyomo kwenye damu.

La kufanya nyumbani

Mtoto alazwe ubavu mahali salama, nguo za shingoni zilegezwe, na saa itazamwe. Asitiwe kijiko, kidole, maji wala dawa mdomoni, na asikandamizwe. Degedege likipita dakika 5, ni dharura kubwa. Hata likikoma mapema, afikishwe kituo cha afya mara moja apimwe malaria na sukari ya damu. Huko anaweza kupewa diazepamu, inayoipa GABA nguvu.

Kwa mama mjamzito

Kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza au uso ukivimba baada ya wiki ya 20, aende hospitali upesi. Huenda ni dalili za kifafa cha mimba. Dawa yake ni magnesiamu salfeti. Utafiti uliotangazwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa inapunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Wanasayansi wanaamini kuwa sehemu ya kazi yake ni kuifunga ile milango ya NMDA.

Kinga

Kenya ilizindua chanjo ya malaria Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, Septemba 2019. Mzazi aulize kliniki ratiba ya dozi zote, ya mwisho ikiwamo, na mtoto aliyechanjwa aendelee kulala ndani ya neti yenye dawa. Mwenye kifafa naye asiache vidonge ghafla hata akikaa miezi mingi bila kuanguka. Daktari ndiye wa kuvipunguza.