Hukumu ya Chakula Kilichobadilishwa Vinasaba

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aoteshaye nafaka na mizizi kwa ajili ya waja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Watu wa pwani ya Mtwara, toka Mikindani mpaka Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, huuliza juu ya vyakula vya maduka makubwa visemwavyo kuwa vimebadilishwa vinasaba. Mmoja husema vyote ni haramu, kwani ni kugeuza maumbile ya Mungu. Mwingine hula kila kilichofungwa katika kopo zuri, wala haulizi. Wote wawili wamehukumu kabla ya kujua, hali kanuni ya wanazuoni ni kwamba hukumu ya kitu hufuata kukijua kitu chenyewe.

FASILI YA KWANZA: KUKIJUA KITU

Kila kilicho hai kina vinasaba ndani yake, navyo ndivyo vifanyavyo mbuzi azae mbuzi, na mbegu ya mwembe iote mwembe. Tangu kale wakulima huchagua mbegu na kuzichanganya. Kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, kimepata mikorosho bora kwa kupandanisha mkorosho na mkorosho. Hiyo ni mbegu chotara, wala si jambo geni katika dini: watu wa Madina walikuwa wakipandishia mitende yao, na Mtume (rehema na amani zimfikie) aliwaachia kazi hiyo, kwa kuwa wao ndio walioijua zaidi, kama ilivyopokewa katika Sahihi ya Muslim.

Kubadilisha vinasaba ni jambo jingine. Mtaalamu hutwaa kinasaba cha kiumbe kimoja, pengine cha jinsi ya mbali kabisa, akakitia katika kingine. Yapo mahindi yaliyotiwa kinasaba cha kijidudu cha udongoni, na funza abunguaye shina akiyala hufa. Basi nyanya haiingii katika mas'ala haya kwa ukubwa wake tu, wala tikiti lisilo na mbegu, wala embe la mti wa kuunganishwa, ingawa wengi hudhani hivyo.

Vilivyoenea zaidi katika biashara ya dunia ni soya, mahindi, pamba na kanola, ambavyo hufika dukani kwa sura ya mafuta ya kupikia, unga, na sukari ya maji itiwayo katika vinywaji. Nyanya ya kwanza ya namna hii iliuzwa Marekani mwaka 1994, na haikudumu sokoni ila miaka michache.

FASILI YA PILI: MASWALI MATATU

Asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Sura ya Bakara, aya ya 168, imewaamuru watu kula katika ardhi kilicho halali na kizuri. Kwa hiyo anayeharamisha ndiye atakiwaye kuleta dalili. Lau kila mabadiliko yangekuwa haramu, hata mwembe usingeunganishwa. Lakini uhalali huo una mipaka, nayo hujulikana kwa maswali matatu.

Swali la kwanza ni la asili: kinasaba kimetoka wapi? Katika madhehebu ya Shafi'i, najisi haitohariki kwa kugeuka umbo, ila mvinyo uliogeuka siki wenyewe, na ngozi ya mzoga iliyodibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Baraza la Wanazuoni wa Indonesia, nchi yenye Mashafi'i wengi, lilitoa fatwa mwaka 2013 kuwa ufundi huu waruhusiwa ukiwa na manufaa na usilete dhara, wala usitumie kinasaba cha kilicho haramu wala cha mwili wa binadamu.

Mfano ulio karibu ni jibini. Maziwa yake hugandishwa kwa kitu kitokacho tumboni mwa ndama anyonyaye. Kitu hicho ni tohara ndama akichinjwa kisheria, na akiwa mzoga ni najisi. Mwaka 1990 Marekani iliruhusu kitu kile kile kitengenezwe na vijidudu vilivyotiwa kinasaba cha ndama, na leo jibini nyingi za viwandani hufanywa hivyo. Hapo ufundi huu umepunguza shaka ya mzoga, wala haukuizidisha.

Swali la pili ni la dhara, kwani chenye kudhuru mwili ni haramu hata kikiwa tohara. Mwaka 1996 ilidhihirika kuwa soya iliyotiwa kinasaba cha njugu za Brazil ingewadhuru watu ambao miili yao haizipatani njugu hizo, nayo haikuuzwa. Kwa upande wa pili, mwaka 2016 wataalamu wa akademia za sayansi za Marekani walipitia ushahidi mwingi, wasione kuwa vyakula vilivyokwisha kuruhusiwa vina hatari kuliko vya kawaida. Basi kila chakula hupimwa peke yake, wala jina moja halitoshi kuvihukumu vyote.

Swali la tatu ni la ukweli wa muuzaji. Mtume alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta umaji chini, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha. Nchi za Ulaya humlazimu muuzaji kuandika juu ya kifurushi ikiwa chakula kimebadilishwa vinasaba, na Marekani ililazimisha hivyo toka mwaka 2022. Mnunuzi ana haki ya kujua, hata katika kilicho halali.

FASILI YA TATU: MUHOGO

Kwa watu wa Mtwara mas'ala haya hayaishii dukani. Muhogo ndio ugali wa nyumba nyingi, na ugonjwa wa michirizi ya kahawia huozesha mzizi ndani ya ardhi hali majani bado ni mabichi. Mwenye shamba huja kujua siku ya kuvuna, na watoto wangoja chakula. Juni 2021 mamlaka ya Kenya iliruhusu muhogo uliobadilishwa vinasaba utoke katika majaribio yaliyofungiwa uingie katika majaribio ya wazi ya mashambani. Umetiwa kipande cha virusi vya ugonjwa ule ule ili mmea uvizuie. Tanzania ilikuwa imejaribu mahindi huko Makutupora, Dodoma, toka mwaka 2016, na Novemba 2018 serikali ikaamuru majaribio yakome na mabaki yateketezwe.

Muhogo wa namna hiyo hauharamiki kwa asili yake, kwani hakuna nguruwe wala mzoga ndani yake. Yaliyobaki ni dhara, na haki ya mkulima. Pingili za muhogo jirani humpa jirani bila bei, na mbegu itakayoivunja desturi hiyo itamwondolea maskini akiba yake. Yafaa hayo yapimwe mchana, mbele ya wakulima wenyewe. Wala haijuzu mtu kuvusha mbegu iliyokatazwa kwa siri katika vivuko vya Ruvuma, kwani akikosea yeye, hudhurika shamba la mwenziwe.

Basi asiyejua na aulize, na muuzaji aseme kweli. Na asiwepo amnyimaye mwenye njaa chakula kwa uvumi. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.