SOMO LA WAMAMA: NYUNGU YA MUHOGO NA HARAKA YETU

Kusoma: 2 Wafalme 4:38-41 na Mithali 31:10-31



Somo hili tumelitayarisha kwa ajili ya wamama, lakini hata wababa walisome, maana ni wao wanaouliza saa saba mchana kama bukari imekwisha kuiva.

Habari ya Elisha kule Gilgali tunaijua wote. Kulikuwa na njaa katika nchi. Mtumishi wa Mungu akaagiza nyungu kubwa itiwe motoni, wanafunzi wake wapate kula. Mtu mmoja akaenda porini kutafuta mboga, akakuta mzabibu wa pori, akajaza nguo yake matunda asiyoyajua, akarudi, akayakatakata, akayatia. Walipoanza kula ndipo wakalia kwamba mauti imo ndani ya nyungu. Tuangalie vizuri: mtu yule hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuwalisha ndugu zake. Ila alikuwa na njaa, wenzake walikuwa wakingoja, na hakuuliza mtu.

Sisi wamama wa Lubumbashi hatuokoti matunda ya mzabibu wa pori. Lakini tuna muhogo, na tuna haraka.

Siku ya mama tunaijua. Saa kumi na moja asubuhi yuko macho, anafagia lupango, anatafuta maji, anawapeleka watoto masomoni, halafu anakwenda kuuza sokoni, Kenya ama Katuba ama Ruashi. Jioni kuna koro, kuna mgonjwa wa kutembelea, kuna kilio. Siku ya ibada anarudi saa tisa na wageni nyuma yake. Makala yamepanda bei, mbabula ni moja, na umeme hautegemewi. Mama kama huyu akitafuta njia ya kufupisha kazi ya jikoni, hatuwezi kumwita mvivu. Swali la somo letu ni hili: katika kupika, wakati gani unaweza kufupishwa, na wakati gani hauwezi?

Wazazi wetu waliofanya kazi Union Minière, ile kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 na kuingia mikononi mwa serikali mwaka 1967, walipokea posho ya unga wa mahindi kila juma. Ndivyo mji wetu ulivyozoea bukari ya mahindi. Posho ilikwisha, lakini tumbo likabaki na mazoea yake, na mahindi mengi tunayokula yanatoka ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Zambia ikifunga njia, sisi tunalia. Mwaka 2023 tuliona wote jinsi mfuko wa kilo 25 ulivyopanda. Basi tukafanya nini? Tukaongeza unga wa muhogo. Wengine kipimo kimoja kwa viwili, wengine nusu kwa nusu, na mwishoni mwa mwezi muhogo peke yake. Si vibaya. Muhogo ni chakula cha wazee wetu. Lakini wazee waliujua, na sisi wa mjini tunaununua bila kuujua.

Muhogo, zaidi ule mchungu, una sumu ndani ya mizizi na ndani ya majani. Mwaka wa ukame sumu inazidi. Sumu hiyo imefungwa ndani ya mmea kama kitu kilichofungiwa sandukuni: ukiuponda muhogo, ama ukiuloweka mpaka ulainike, sanduku linafunguka, na sumu inatoka kwa maji na kwa hewa. Moto peke yake hauitoi vizuri. Hapa ndipo wamama wengi tunapokosea. Tunafikiri kila kitu kilichopita motoni kimekuwa salama. Tunapika uji wa mahindi vizuri mpaka unachemka, halafu mwishoni tunatia unga wa muhogo, tunasonga dakika chache, tunapakua. Kama unga ule ulikuwa na sumu, bado unayo.

Tuwapeleke kidogo Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu, kule wanakokula muhogo kila siku. Kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Daktari Mwitaliano, Giovanni Trolli, aliandika habari zake mwaka 1938. Mtoto analala mzima, anaamka miguu imekaza, haitii tena. Watu wa kule waliuita konzo kwa sababu ni kama miguu iliyofungwa. Unawapata zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa, na hakuna dawa ya kuunyoosha mguu ule tena.

Na ulizidi kwa sababu gani? Zamani wamama wa Kwango waliloweka muhogo siku tatu majini. Ilipojengwa barabara ya lami ya kwenda Kinshasa, wafanyabiashara wakaja na magari yao, wakitaka muhogo upesi. Mama aliyekuwa na deni la karo ya mtoto atamwambia mwenye gari angoje siku tatu? Hawakufikisha tena siku zile. Muhogo ukatoka majini mapema, ukaanikwa, ukawa mweupe na mzuri wa kutazama, na sumu imo ndani. Angalieni tena: si watu wabaya. Ni haraka.

Sisi wenyewe tunaoandika tumekosa. Mmoja wetu alinunua unga wa bei ndogo, akasonga usiku, na watoto wakaanza kutapika na kulia kwamba kichwa kinazunguka. Alifikiri ni malaria. Kesho yake alipowaeleza wenzake, mama mzee mmoja akamuuliza tu: unga ule uliloweshwa siku ngapi? Hakuwa na jibu.

Kuna kitu chepesi tunachoweza kufanya nyumbani. Kilifundishwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, na tangu mwaka 2010 wamama wa kijiji cha Kay Kalenge, upande wa Popokabaka huko Kwango, walikifuata, na katika muda ule wa mafundisho hakuonekana mgonjwa mpya wa konzo. Tia unga wa muhogo katika beseni, weka alama ndani ya beseni pale unga unapofika. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Utaona unga unashuka, halafu unapanda tena mpaka kwenye alama. Acha kutia maji. Tandaza unga huo mbichi juu ya mkeka safi, uwe mwembamba usiofika unene wa kidole. Uache saa mbili juani, ama saa tano kivulini. Sumu inapanda na hewa. Halafu usonge bukari siku ile ile, usiulaze. Hakuna franka inayotoka, na mama anaweza kufanya kazi nyingine wakati jua linafanya yake. Kuku tu ndio wa kulinda!

Sombe nayo ina sheria yake. Majani yapondwe sana, mpaka yasionekane tena kuwa majani. Kama unapeleka kwenye mashini ya sokoni, peleka, hakuna dhambi. Mashini inaponda kuliko mikono yetu, na saa ile unaipata bure. Lakini ukiisha kuponda, usikimbilie mbabula. Acha sombe ikae, uioshe kwa maji, umwage maji yale, ndipo uchemshe muda mrefu bila kifuniko. Mafuta ya mawese, kalanga za kutwanga na kitunguu vinaingia baadaye. Wengine wanatia bikarboneti ili ilainike upesi na makala yasiishe. Tunawaambia kwa upendo: sombe laini si alama ya kwamba sumu imetoka, tena bikarboneti inaharibu vitamini za majani.

Tena usiache sahani iwe muhogo juu ya muhogo, yaani bukari ya muhogo na sombe, basi. Mwili unaishinda sumu ndogo ukipata samaki, mayai, maharagi. Ndakala chache zilizotwangwa ndani ya sombe zinasaidia kuliko pilipili nyingi.

Sasa, makala na saa tutaokoa wapi? Kwenye maharagi. Yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, na asubuhi yataiva kwa makala machache. Lengalenga na matembele havihitaji moto mrefu, basi siku ya koro pika hivyo, na sombe iwekwe siku unayobaki nyumbani. Mtoto mkubwa, hata wa kiume, anaweza kulinda mkeka wa unga. Na Baba akikuta bukari imechelewa, asome tena habari ya Gilgali.

Kuhusu unga ambao Elisha aliutia nyunguni: ule ulikuwa muujiza wa Mungu kwa mkono wa nabii. Tusifanye mchezo wa kutia unga juu ya chakula chenye sumu na kusema tumeomba.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi: Yule mtu wa Gilgali angemuuliza nani kabla ya kutia matunda nyunguni? Sisi tunamuuliza nani sokoni kuhusu unga tunaonunua? Katika nyumba yako, ni kazi gani ya jikoni imefupishwa mwaka huu, na kwa sababu gani? Mkutano ujao wa wamama, kila kikundi kilete beseni, mkeka na meeka moja ya unga wa muhogo. Tutaanza saa tatu asubuhi, wakati jua lingali na nguvu ya kutufanyia kazi.